Maswali ya Wasomaji: Chuo Kikuu cha Waspiritani kule Pittsburgh

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zimetoka Bagamoyo, na karibu zote zinauliza habari za chuo kimoja, yaani Chuo Kikuu cha Duquesne kilichopo katika mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani. Ni chuo binafsi, kina uhusiano na Kanisa Katoliki, na kinahesabiwa miongoni mwa vyuo vya utafiti. Kwa kuwa maswali yanagusana, tumeona tuyajibu pamoja. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

*Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni katekista mstaafu, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiwatembeza wageni pale Misheni. Mgeni mmoja aliniambia kwamba mapadre wa Roho Mtakatifu, hawa hawa waliofika kwetu mwaka 1868, wana chuo kikuu Marekani. Je, ni kweli? Na kilianzaje?*
— Katekista mstaafu, Bagamoyo

Shikamoo mzee wetu. Mgeni wako alisema kweli. Shirika la Roho Mtakatifu, ambalo watawa wake huitwa pia Waspiritani, lilianzishwa Paris mwaka 1703 na Claude Poullart des Places, kisha likapata nguvu mpya mwaka 1848 lilipoungana na shirika la padre François Libermann, ambaye tangu mwanzo alikuwa ameielekeza kazi yake Afrika. Kwenye shina hilo ndiko walikotoka padre Antoine Horner na wenzake, waliovuka kutoka Zanzibar wakaanzisha Misheni ya Bagamoyo, na huko huko ndiko walikotoka mapadre waliofungua chuo cha Pittsburgh miaka kumi baadaye, tarehe 1 Oktoba 1878.

Safari hizo mbili, hata hivyo, zilikuwa na sababu tofauti kabisa. Bagamoyo waliijia kwa hiari yao, wakiwa na nia ya kuwakomboa watumwa na kuwajengea kijiji chao, shule, karakana na mashamba. Wewe mwenyewe unayaonyesha makaburi yao kila siku, na unajua jinsi wengi walivyofariki wakiwa bado vijana. Pittsburgh walifika wakiwa wamefukuzwa kwao. Katika miaka ya 1870 serikali ya Ujerumani chini ya Chansela Bismarck ilitunga sheria kali dhidi ya Kanisa Katoliki, mashirika kadhaa ya kitawa yakaamriwa kuondoka nchini humo, na Waspiritani wakawa miongoni mwao. Baadhi yao, wakiongozwa na padre Joseph Strub, wakavuka bahari wakatafuta mahali pa kuanza upya.

Pittsburgh ya wakati ule ilikuwa mji wa viwanda vya chuma na migodi ya makaa ya mawe, wenye wahamiaji wengi Wakatoliki waliotoka Ujerumani, Ireland na kwingineko Ulaya, na walio wengi kati yao walikuwa vibarua ambao watoto wao hawakuwa na njia ya kuipata elimu ya juu. Chuo kilianza na wanafunzi 40 na walimu sita, katika vyumba vya kupanga vilivyokuwa juu ya duka la mikate, mtaa wa Wylie. Mwaka 1885 kikahamia katika jengo lake chenyewe la matofali mekundu, juu ya kilima kinachoitwa Bluff, mahali ambapo mtu akisimama anauona Mto Monongahela chini yake na katikati ya mji upande wa pili. Jengo hilo bado linatumika, na chuo chote kimelizunguka katika eneo la ekari 50 hivi.

Mwaka 1911 chuo kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili, kikiwa chuo kikuu cha kwanza cha Kikatoliki katika jimbo la Pennsylvania, na hapo ndipo kilipochukua jina la Duquesne, ambalo hutamkwa Dukein. Huyo Duquesne alikuwa gavana wa makoloni ya Ufaransa kule Amerika ya Kaskazini katika karne ya 18, na ngome iliyopewa jina lake ilijengwa pale pale ulipo mji wa Pittsburgh leo. Jina kamili la chuo ni Chuo Kikuu cha Duquesne cha Roho Mtakatifu, na kaulimbiu yake ya Kilatini imetoka katika Injili ya Yohana, sura ya 6 aya ya 63: roho ndiyo itiayo uzima.

Kwa ninyi wa Bagamoyo kuna jambo jingine la kutafakari. Dola ile ile ya Ujerumani iliyowafukuza Waspiritani kwao ndiyo iliyokuja kuifanya Bagamoyo makao makuu ya koloni lake la Afrika Mashariki hadi mwaka 1891, na ikawakuta Waspiritani wenye asili ya Ufaransa wameshakita mizizi pale Misheni, ikalazimika kuishi nao. Tena undugu wenyewe haukuishia kwa waasisi wa Paris. Waspiritani wa Marekani walikuja Tanganyika wakapewa kazi ya Kilimanjaro, na Askofu Joseph Byrne, Mspiritani, aliiongoza Moshi kuanzia miaka ya 1930 hadi mwaka 1959. Kwa hiyo ukiwaambia wageni wako kwamba Misheni na chuo kile ni ndugu wa shirika moja, hutakuwa umetia chumvi.

*Mheshimiwa Mhariri, binti yangu amemaliza Kidato cha Sita kwa mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na ndoto yake ni udaktari. Tumesikia habari za chuo hiki, lakini baba yake anasema chuo cha mapadre ni seminari tu. Mwingine anasema ni chuo cha utafiti, nasi hatuelewi maana yake. Tunaomba ufafanuzi.*
— Mama wa mwanafunzi, Magomeni, Bagamoyo

Hongera kwa malezi, mama. Mweleze baba kwa upole kwamba hiki si seminari. Ni chuo kikuu chenye wanafunzi wapatao 8,000, wanaume kwa wanawake, wanaosoma sheria, biashara, ualimu, muziki, uuguzi, famasia, sayansi za afya, sayansi asilia na mazingira, pamoja na fani za fasihi, historia, falsafa na teolojia. Kitivo cha sheria kilianza mwaka 1911, famasia mwaka 1925, muziki mwaka 1926 na uuguzi mwaka 1937. Walio wengi kati ya wanafunzi na wahadhiri ni walei. Hata uongozi wa juu wa chuo, ambao kwa zaidi ya miaka mia moja ulishikwa na mapadre, uliingia mikononi mwa mlei kwa mara ya kwanza mwaka 1988, alipochaguliwa mwanasheria John Murray.

Basi uhusiano na Kanisa unaonekana wapi? Unaonekana katika umiliki, kwa sababu shirika ndilo lililokianzisha chuo na bado lina kauli katika mambo makubwa yanayogusa utambulisho wake. Unaonekana katika masomo ya msingi ambayo kila mwanafunzi hupitia, hata awe anasomea uhasibu, yanayogusa teolojia, falsafa na maadili. Unaonekana pia katika maisha ya kila siku: kikanisa kiko katikati ya chuo, mapadre wanaishi hapo hapo, na kazi za kujitolea kwa maskini wa mji zinahesabiwa kuwa sehemu ya malezi. Msomaji anayekijua Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Mwanza, kilicho chini ya Baraza la Maaskofu, au Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Morogoro, hatapata tabu kuelewa mfumo huu. Wenye chuo wana imani yao na hawaifichi, lakini shahada inatolewa kwa vigezo vinavyokaguliwa na chombo kisicho cha dini. Kwa Duquesne chombo hicho ni tume ya ithibati ya ukanda wa kati wa mashariki ya Marekani, inayojulikana kama Middle States, na ndiyo hiyo hiyo inayokagua vyuo vya serikali na vya binafsi vya eneo lile.

Sasa kuhusu utafiti. Si kila chuo cha Marekani kinachotoa shahada huitwa chuo cha utafiti. Kuna upangaji wa vyuo unaofahamika kwa jina la Carnegie, unaotazama mambo mawili yanayopimika: chuo kinatumia fedha kiasi gani kwa utafiti kila mwaka, na kinatoa shahada ngapi za uzamivu za kitafiti. Kwa vigezo vilivyoanza kutumika mwaka 2025, daraja la kwanza linahitaji angalau dola milioni 50 na wahitimu 70 wa uzamivu kwa mwaka, na daraja la pili linahitaji angalau dola milioni 5 na wahitimu 20. Duquesne huwekwa katika daraja la pili. Maana yake ni kwamba wahadhiri wake hawafundishi tu yaliyogunduliwa na wengine, bali wana maabara na miradi yao, wanatakiwa kuchapisha matokeo, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye bidii anaweza kukaribishwa katika maabara ya mwalimu wake tangu mapema. Lakini pia maana yake ni kwamba si chuo kikubwa sana cha utafiti, na kwa maoni yangu hilo ni faida kwa mtoto anayetoka mbali, kwa sababu darasani atafahamika kwa jina.

Nitoe mfano wa utafiti ambao chuo hiki kinajulikana nao duniani, maana ni wa aina ambayo watu wengi hawaitarajii. Mwaka 1954 alifika hapo padre Adrian van Kaam, Mspiritani wa Uholanzi, ambaye katika majira ya baridi ya mwaka 1944 kuelekea 1945 alikuwa miongoni mwa watu waliojificha wakati Waholanzi walipokuwa wakifa kwa njaa chini ya jeshi la Ujerumani, na akajionea jinsi binadamu anavyotafuta maana ya maisha akiwa taabuni. Alisaidia kuanzisha idara ya saikolojia iliyojengwa juu ya fenomenolojia, yaani ule mtazamo wa kifalsafa unaomtaka mtafiti aanze na jambo kama lilivyompata mhusika mwenyewe, kabla ya kulipima kwa namba. Baadaye Amedeo Giorgi, aliyefundisha katika idara hiyo, aliunda utaratibu wa kuchambua hatua kwa hatua masimulizi ya mtu kuhusu lililompata: mtafiti anasoma masimulizi yote, anayagawa katika vipande vya maana, anavieleza kwa lugha ya saikolojia, kisha anatafuta umbo la jambo lenyewe. Leo hata wauguzi wanaochunguza maumivu ya wagonjwa, au hali ya mama aliyepoteza mtoto, hutumia utaratibu huo. Mimi hupenda kuutaja kila ninaposikia watu wakisema kwamba chuo cha dini hakiwezi kuzalisha elimu mpya, kwa sababu hapa swali lenyewe lilizaliwa kutokana na uzoefu wa padre, na jibu lake likakubalika kwa wasomi wasio na dini yoyote.

Nimeacha ndoto ya binti mwishoni makusudi, kwa kuwa ndipo penye mtego. Duquesne ilifungua kitivo cha utabibu mwaka 2024, na habari hiyo imewafikia wengi. Ni kweli, lakini nchini Marekani mtu haanzi udaktari akitoka Kidato cha Sita kama ilivyo kwetu Muhimbili au Bugando. Anasoma kwanza shahada ya kwanza kwa miaka minne, anafanya mtihani wa kuingilia, kisha ndipo anaanza miaka mingine minne ya utabibu, na nafasi kwa wageni wasio raia ni chache sana nchi nzima. Sheria nayo husomwa baada ya shahada ya kwanza. Famasia ni safari ya miaka sita. Uuguzi ndio unaoanza moja kwa moja. Kama binti anataka kuwa daktari na si kitu kingine, mama yangu, aombe kwanza vyuo vyetu vya hapa nchini, kwa sababu katika muda ambao angekuwa anamaliza shahada ya kwanza kule, hapa angekuwa amebakiza mwaka mmoja tu kabla ya mafunzo kwa vitendo.

*Mhariri, mimi ni Mwislamu, nimelelewa hapa Kaole. Nataka kusoma sayansi ya mazingira. Je, chuo cha Kikatoliki kitanipokea? Na nikipokelewa, nitalazimishwa kwenda kanisani?*
— Kijana, Kaole

Waalaikumu salamu ndugu yangu. Utapokelewa kama unavyo vigezo vya masomo. Dini si sharti la udahili, na hakuna anayelazimishwa kuhudhuria misa. Utakalokutana nalo ni yale masomo ya msingi niliyoyataja katika jibu lililotangulia, ambayo yanafundishwa kama elimu na kusahihishwa kama elimu: mwanafunzi anaandika insha kuhusu haki, au kuhusu jinsi dini mbalimbali zinavyomwelewa mwanadamu, na anapewa alama kwa hoja alizojenga.

Bagamoyo imelijua jambo hili kabla ya vitabu kuliandika. Katika mji wenye Waislamu wengi, shule na zahanati za Misheni zimewapokea watoto wa kila nyumba, na watu wamezikana na kuozana bila kuulizana kwanza. Uliza mapema juu ya mahali pa kuswalia, chakula cha halali mabwenini na ratiba ya mitihani ndani ya Ramadhani, kwa sababu ofisi ya wanafunzi wa kigeni ipo kwa ajili ya maswali hayo, na jibu la maandishi litakusaidia kuliko ahadi ya mdomo.

*Tumsifu Yesu Kristo. Ni kweli kwamba Karismatiki Katoliki ilianzia katika chuo hiki?*
— Mwanakaris­matiki, Parokia ya Bagamoyo

Milele amina. Ndiyo. Mwezi Februari mwaka 1967 kikundi kidogo cha wanafunzi wa Duquesne, pamoja na walimu wao, kilikwenda mafungo ya mwisho wa wiki katika nyumba ya mafungo iliyo nje ya mji wa Pittsburgh, wakisoma sura za mwanzo za Matendo ya Mitume na kusali. Waliyoyapokea huko wakayasimulia kwa wenzao wa vyuo vingine, na kutoka hapo sala za Kikarismatiki, yaani za kuomba vipawa vya Roho Mtakatifu, zikaenea katika Kanisa Katoliki duniani kote, hadi kwenye vikundi vya parokia zetu. Ni vyema ikumbukwe kwamba chuo hakikuanzisha mpango huo wala hakikuutangaza. Walioanza ni waamini wa kawaida, wengi wao vijana.

*Mhariri, mimi ni kocha wa mpira wa kikapu kwa vijana. Nasikia Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa na ligi ya NBA alitoka chuo hiki. Nisaidie nipate habari ya kuwasimulia vijana wangu.*
— Kocha, Dunda

Ni Mmarekani Mweusi, kocha, mzaliwa wa Pittsburgh, aitwaye Chuck Cooper. Mwaka 1950 timu ya Boston Celtics ilimchagua akitokea Duquesne, akawa mchezaji wa kwanza Mweusi kuchaguliwa katika mchujo wa ligi hiyo.

Lakini habari ya kuwasimulia vijana ni ya miaka minne kabla ya hapo. Desemba 1946 timu ya Chuo Kikuu cha Tennessee ilikuja kucheza na Duquesne, na kocha wake akataka ahakikishiwe kwamba Cooper, aliyekuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hataingia uwanjani, kwa sababu timu yake haikuwa tayari kucheza na mtu Mweusi. Watazamaji walikuwa wameshakaa. Duquesne ikakataa kumuweka kando, wageni wakakataa kucheza, na mechi ikavunjika. Kumbuka kwamba huo ulikuwa wakati ambao katika majimbo mengi ya Marekani ubaguzi ulikuwa sheria, na kwamba kumwacha kijana mmoja benchi usiku mmoja kungekuwa njia rahisi kwa kila mtu isipokuwa kwa Cooper. Uwanja wa ndani wa chuo, uliofunguliwa upya mwaka 2021, leo una jina lake. Ninaliheshimu jengo hilo kuliko kombe lolote walilopata, ijapokuwa kombe wanalo pia, maana mwaka 1955 walitwaa ubingwa wa mashindano ya kitaifa ya mwaliko.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu na mzazi. Kuna wakala aliyepita mtaani kwetu akisema kwamba watoto waliobatizwa katika parokia za Waspiritani wanasoma bure chuo hicho, na kwamba barua ya paroko pamoja na malipo yake ya “kushika nafasi” yanatosha. Baadhi ya wazazi wamekwisha kutoa pesa. Je, kuna ukweli wowote? Gharama halisi ni kiasi gani?*
— Mwalimu, Majengo, Bagamoyo

Mwalimu, umefanya vyema kuuliza, na naomba jibu hili ulisome kwa wazazi wenzako. Hakuna nafasi ya bure inayotokana na ubatizo, na hakuna paroko mwenye mamlaka ya kumdahili mtu. Undugu wa Misheni na chuo, nilioueleza kwa furaha katika jibu la kwanza, ni wa kweli katika historia na katika imani, lakini hauingii katika ofisi ya udahili. Barua ya paroko inaweza kueleza tabia ya mwombaji, kama vile barua ya mwalimu mkuu, basi.

Watu hudhani kwamba chuo cha Kanisa kinalipiwa na Kanisa. Kwa vyuo vya Kikatoliki vya Marekani sivyo ilivyo. Fedha za uendeshaji zinatoka kwa sehemu kubwa katika ada, kisha katika mapato ya wakfu uliowekezwa, michango ya waliohitimu, na ruzuku za utafiti zinazoshindaniwa. Kwa sababu hiyo ada ni kubwa. Ukijumlisha masomo, malazi na chakula, mwaka mmoja wa shahada ya kwanza pale Duquesne hupita dola 60,000, ambazo ni kama shilingi milioni 150. Chuo hutoa punguzo kwa wanafunzi wenye matokeo mazuri, wakiwemo wa kutoka nje, na punguzo hilo laweza kuwa kubwa. Hata hivyo kwa wengi hufidia sehemu tu ya gharama. Mikopo ya serikali ya Marekani haiwahusu wageni, na mikopo ya Bodi yetu kimsingi inalenga waliodahiliwa katika vyuo vya ndani. Kazi za chuoni zinaruhusiwa kwa mwanafunzi mwenye viza ya masomo, lakini hazizidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na mshahara wake ni wa matumizi madogo, hauwezi kulipa ada.

Utaratibu halali unakwenda hivi. Mwombaji anatuma maombi mwenyewe kwa njia ya mtandao moja kwa moja chuoni, akiambatanisha matokeo ya NECTA, barua za walimu na uthibitisho wa kukimudu Kiingereza. Akikubaliwa, chuo kinaomba ushahidi wa fedha: taarifa za benki za mzazi au mfadhili zinazoonyesha kwamba mwaka wa kwanza, baada ya kutoa punguzo alilopewa, unaweza kulipwa. Ushahidi huo ukiridhisha, chuo kinatoa fomu iitwayo I-20, yenye jina la mwanafunzi, fani yake, tarehe ya kuanza na hesabu ya gharama zote kwa mwaka. Fomu hiyo ndiyo roho ya jambo zima. Akiwa na fomu hiyo, mwanafunzi hulipa dola 350, ambazo ni ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, na hadi mwisho wa mwaka 2025 aliomba kisha miadi ya usaili wa viza katika ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam (tangu Januari 2026 Marekani imezuia viza za masomo kwa Watanzania wengi). Anayekuuzia nafasi bila kuwahi kutaja fomu ya I-20 hajui anachokiuza, au anajua na anakuficha.

Kwa upande wa nyumbani kuna Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, ambayo ndiyo inayotambua shahada za nje mwanafunzi anaporudi, na ndiyo pia inayosajili mawakala wanaoruhusiwa kupeleka wanafunzi vyuo vya nje. Orodha yao inatangazwa. Kama jina la wakala huyo halimo, wazazi waliotoa pesa waende kituo cha polisi wakiwa na risiti au ujumbe wa miamala ya simu, na waende pamoja, kwa sababu malalamiko ya watu kumi yanasikilizwa haraka kuliko ya mmoja mmoja. Wasione aibu. Walidanganywa kwa kutumia jina la watu wanaowaheshimu, na kosa hilo ni la aliyedanganya.

Nakushauri pia uwaambie kwamba wapo watoto wa Bagamoyo wanaoweza kufaidika na chuo hiki bila kuuza shamba. Shahada ya kwanza isomwe hapa nchini, ikiwezekana kwa mkopo wa Bodi, na mtoto ajitahidi apate daraja la kwanza. Baada ya hapo aombe uzamivu, au uzamili katika idara zinazotoa nafasi za usaidizi wa kufundisha na wa utafiti. Nafasi hizo ni chache na zinashindaniwa na watu wa dunia nzima, lakini anayeipata husamehewa ada kwa kiasi kikubwa au yote, na hupewa posho, kwa kuwa anafanya kazi katika maabara au katika madarasa ya mwaka wa kwanza. Hapo ndipo sifa ya kuwa chuo cha utafiti inapomsaidia mtoto wa mtu wa kawaida, maana chuo kisicho na utafiti hakina nafasi za namna hiyo. Mwombaji aangalie kwanza ukurasa wa idara anayoitaka, asome kazi za wahadhiri wawili au watatu, kisha amwandikie mmoja wao barua fupi ya kueleza anachotaka kukichunguza na kwa nini. Kuuliza hakulipiwi, na majibu huja kwa barua pepe kutoka kwa mhadhiri mwenyewe au kutoka ofisi ya udahili, bila wakala.